Sungura Aliyeacha Kutetemeka

Jua lilikuwa linazama nyuma ya Mlima Kigali, na Valens alikuwa anashuka vichochoro vya Rwezamenyo akipiga mluzi, mkono mmoja mfukoni. Ungekutana naye ungedhani katumwa sukari na mkewe. Mke hana. Sukari hanunui. Mfukoni alikuwa na kiberiti, na ndani ya kiberiti hamkuwa na njiti hata moja.

Mlikuwa na manyoya. Kishungi cha manyoya meupe, laini, aliyoyanyofoa mgongoni mwa sungura mchana ule.

Sasa usianze kucheka. Huyu Valens hakuwa mtu hivi hivi. Alikuwa na diploma ya baiolojia, alikuwa na shati la mikono mirefu, na alikuwa na mdomo. Ee, mdomo alikuwa nao! Angekwambia aliwahi kumvuta chatu kutoka shimoni kwa mkia, na wewe mwenyewe, pamoja na ujanja wako wote, ungemnunulia bia ya pili ili usikie anavyomalizia.

Shida yake ilikuwa sungura.

Kule Kinyinya, ambako mwaka ule wa tisini na tatu kulikuwa bado mashamba na mikaratusi, palikuwa na kituo kidogo cha utafiti wa chanjo. Walifuga sungura kwa ajili ya damu yao. Ikatoka amri kwamba hakuna mtafiti atakayemgusa mnyama pale kabla ya kufundishwa kumtunza na kumshika bila kumtesa. Akaletwa daktari wa mifugo kutoka Bukoba, Dokta Harriet, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo. Kifaransa hakukijua, kwa hiyo alifundisha kwa Kiswahili.

"Mnyama mwenye hofu, damu yake inadanganya," alisema siku ya kwanza. "Unadhani umepima chanjo, kumbe umepima hofu. Na hata kama isingedanganya, jamani, huyu hakuomba kuja hapa. Sisi ndio tuliomleta. Kumtuliza ni kitu kidogo kabisa tunachoweza kumfanyia."

Kila mwanafunzi akapewa sungura wake. Mshike asubuhi, mshike jioni. Mkono mmoja kwenye ngozi ya mabega, mwingine chini ya makalio, kichwa chake kwapani mwako asione mwanga. Kisha kaa naye. Kaa tu. Masikio usiyashike hata siku moja. Akipiga mguu chini, ameona hatari na anawaonya wenzake. Mwisho wa mafunzo atawekwa mezani mbele ya wote. Akitetemeka mikononi mwako, hupati kadi. Bila kadi, kazi hakuna.

Na kazi yenyewe Valens alikuwa ameshaitangaza. Mtaa mzima ulijua. Mama yake huko Gitarama alikuwa ameshawaambia watu wa parokia nzima, na padri akiwemo.

Basi Valens alifanya nini? Siku ya kwanza alimwinua sungura wake kwa masikio. Sungura akapiga mateke, akamkwaruza kuanzia kifundo cha mkono mpaka kiwiko, wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo akawa anatupa majani kizimbani kwa mbali, kama mtu anayelisha simba, halafu huyo anaenda zake.

"Valens, sha," Théoneste, rafiki yake wa darasani, alimwambia siku moja, "sungura yako iko inatetemeka kama mutu ya malaria. Unaipigaka?"

"Sungura wangu ana akili. Anajua mwanaume ameingia."

"Kesho kutwa Dokta ataona huyo mwanaume."

Walicheka wote. Lakini kesho kutwa hiyo sasa ilikuwa kesho.

*

Mama Nzeyimana alikuja zamani kutoka Buyenzi, kule Bujumbura. Watu wa Rwezamenyo walimjua kwa dawa za watoto wasiolala. Kwa sauti ya chini walimjua kwa mengine. Chumba chake kilinuka ubani, na chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine... kama majani mabichi yaliyolaliwa.

"Karibu, baba. Vua viatu."

Valens akavua, akakaa mkekani, akatoa kiberiti.

"Nataka aache kuogopa, mama. Kabla ya kesho asubuhi."

"Nani?"

Valens akakohoa. "Sungura."

Alikuwa ameandaa mzaha wa kusema mama akicheka. Mama hakucheka.

"Mwalimu wenu alisema mfanye nini ili aache?"

"Tumshike. Kila siku, taratibu."

"Sasa?"

"Sikupata nafasi, mama."

"Nafasi," alisema Mama Nzeyimana, taratibu, kama mtu anayetema kokwa. Akafungua kiberiti, akayanusa yale manyoya, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka Valens akaanza kuona haya bila kujua haya ya nini.

"Huyu anaogopa sana," akanong'ona. "Sana, baba. Umemfanya nini?"

"Si kitu."

"Haya. Hofu huwa haifi. Ukiitoa hapa, inataka mahali pa kulala. Ya huyu tuilaze wapi?"

Hapo mtu mwenye akili angesema mtoni. Angesema kwenye jiwe, kwenye mgomba, popote. Valens akajipiga kifua.

"Ilete hapa, mama! Mimi hofu sijui hata inafanana vipi. Nitaishushia na pombe ya ndizi."

Taa ya chemli ilipepesuka, na hapakuwa na upepo.

"Sema tena."

"Ilete kwangu."

"Umesema kwa mdomo wako." Akachukua yale manyoya kwa vidole viwili. "Ufungue basi."

"Si dawa ya sungura?"

"Sungura hana cha kumeza. Fungua."

Manyoya yalishuka kooni yakikwaruza, makavu, na katikati ya koo yakasimama. Kisha yakashuka yenyewe. Kana kwamba yana miguu.

Hakuna kilichotokea. Valens akacheka, akaaga, akavaa viatu, akatoka.

Hakufika mbali.

Kwanza masikio. Alisikia kisu kikikata kitunguu nyumba ya tatu. Alisikia mtoto akijigeuza kitandani nyuma ya ukuta wa matofali. Kisha pua. Mbwa... harufu ya mbwa, nzito, ya moto, imejaa kichochoro kizima, na mbwa mwenyewe hayupo. Kisha kitu kikapita juu. Popo tu. Popo mmoja, mdogo, na kivuli chake hakikumgusa hata bega.

Alipopata fahamu alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta, magoti kifuani. Hakukumbuka kuchuchumaa.

Na pua yake ilikuwa inacheza. Yenyewe.

"Baridi hii," alijiambia kwa sauti.

Kigali, mwezi ule, watu walikuwa wanalala madirisha wazi.

*

Asubuhi walikusanyika kwenye chumba cha wanyama. Théoneste alitangulia. Sungura wake alilala mikononi mwake kama mkate, Dokta Harriet akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa kadi. Kisha akaita jina la Valens.

Valens alisogea kwenye kizimba. Usiku kucha hakulala. Kila gari lililopita lilimpitia mgongoni. Lakini kadi ni kadi. Akafungua mlango.

Sungura akatoka mwenyewe. Akatembea juu ya meza, akafika kwenye mikono ya Valens, akakaa.

"Mungu wangu," alisema Théoneste. "Huyu si ule wa jana."

Hakutetemeka. Hakukunja masikio. Dokta Harriet akaweka kifaa chake cha kusikilizia moyo, akasikiliza, akakunja uso. Akapiga makofi karibu na kichwa chake. Pa! Sungura hakugeuka. Akasogeza kidole mpaka karibu na jicho lake kabisa.

Jicho halikupepesa.

Dokta akanyoosha mgongo. "Tangu nianze kazi hii," alisema polepole, "sijaona mnyama wa hivi akiwa mzima. Sisi tunataka asituogope sisi. Hofu nyingine zote abaki nazo, anazihitaji. Valens, umempa nini?"

"Mkono tu, Dokta."

"Mkono tu?"

"Mkono tu. Kila siku."

Uongo huo aliusema huku akitazama ukuta. Dokta Harriet akamzunguka ili amwone usoni, na akanyoosha mkono kumgusa bega.

Ule mkono ulikuja kutoka juu.

Hakuna aliyemsukuma Valens. Alianguka mwenyewe nyuma ya meza, akajibana kwenye kona kati ya vizimba viwili, macho yamemtoka, kifua kinakwenda mbio mpaka shati linaruka. Alitaka kusema nimeteleza. Taya lilikataa kufunguka. Kisha akasikia joto likishuka kwenye suruali, likafika kwenye soksi, likatoka sakafuni. Suruali ya kijivu. Kila mtu aliona.

Mmoja akaanza kucheka, akaacha katikati.

Sungura alikaa mezani akiwatazama wote kwa utulivu.

"Tokeni," Dokta Harriet aliwaambia wengine, kwa ile sauti ndogo. Walipotoka, akaweka taulo karibu na Valens bila kumgusa. "Nenda nyumbani ukapumzike. Kadi yako naiweka mpaka Jumatatu. Nitamwangalia huyu sungura siku hizi mbili. Akiwa mzima, utaipata."

Valens aliondoka kupitia nyuma, kwenye mikaratusi, taulo limefungwa kiunoni. Diploma ya baiolojia, bwana. Taulo kiunoni.

*

Jioni ile ile alirudi.

Usidhani ni ushujaa. Alikuwa ameona jambo moja tu: amrudishe sungura kwa Mama Nzeyimana, kila mmoja achukue chake. Angebaki na sungura anayetetemeka, angekosa kadi, sawa. Mama yake angekutana vipi na padri, hilo angelifikiria baadaye.

Jua lilikuwa chini. Mlinzi wa kituo alikuwa amekwenda kuchota maji kisimani, na mbwa wake, jibwa la manjano lenye sikio moja, alikuwa amelala getini. Valens alipita mbali, kwenye ua wa nyuma, kila mshipa unamlilia arudi. Akaingia. Akafungua kizimba.

Sungura akatoka mwenyewe.

Valens alikuwa ameleta kikapu. Alipokigeukia tu, kufungua kifuniko, akasikia kucha ndogo kwenye saruji. Tik, tik, tik. Sungura alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa anatoka nje, bila haraka, kama mzee anayetoka misa.

"Rudi," alinong'ona Valens. "Wewe. Rudi hapa."

Sungura akakaa katikati ya ua, kwenye mwanga mwekundu wa mwisho, akaanza kujilamba mguu.

Kule getini, jibwa likainua kichwa.

Valens alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Angepiga kelele. Angetupa kikapu. Angepiga makofi, angerusha kiatu, hata mtoto angerusha kiatu! Lakini harufu ile ilimfikia kwanza. Nzito. Ya moto. Na miguu yake ikafa pale pale. Alisimama mlangoni ameganda, mikono imebana kifuani, hawezi kupepesa, hawezi kumeza mate.

Jibwa halikukimbia. Halikuhitaji. Lilitembea, likasimama, likamnusa sungura kwa mshangao. Sungura akaacha kujilamba, akainua pua yake, naye akalinusa.

Sungura hana sauti. Anaishi maisha yake yote kimya, na Dokta Harriet aliwaambia hulia mara moja tu, anapouawa. Na anayekisikia kilio hicho hakisahau.

Meno yakafunga.

Sungura hakulia.

Aliyelia ni Valens.

Ilimtoka kooni, nyembamba, ndefu, kali, sauti ambayo koo la mtu halina. Ilipita juu ya mikaratusi, na kule kisimani mlinzi akaangusha ndoo. Ililia mpaka yule mwingine alipoacha kurusha miguu. Kisha ikakatika.

Dokta Harriet alitoka mbio kwenye chumba chake, akamfukuza mbwa. Alipiga magoti uani, akamgusa sungura shingoni, kifuani, machoni, akahakikisha. Akavua koti lake jeupe, akamfunika. Halafu akamtazama Valens mlangoni, na kikapu, na mlango wa kizimba ulio wazi.

"Ulikuwa unamwiba?"

Valens akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka, na hata kuyafuta hakuweza.

"Alikuwa anaogopa, Dokta," akasema hatimaye, kwa sauti iliyokwaruzika. "Siku zote. Sikumshika. Hata siku moja... nikaenda kutafuta dawa. Kwa watu."

Dokta hakuuliza watu gani. Alikaa chini pale pale vumbini, koti lenye damu mapajani.

"Ungeniambia tu bado anaogopa," alisema. "Ningekuongezea wiki moja."

Basi. Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Wiki moja! Valens aliibeba ile wiki moja njia nzima mpaka Rwezamenyo, na ilimlemea kuliko ile suruali mbele ya darasa zima.

*

Mama Nzeyimana alikuwa anapepeta maharage nje ya mlango. Alimwona akija amejibanza ukutani, akaacha.

"Yuko wapi?"

"Amekufa, mama."

"Basi nimrudishie nani?"

"Itoe. Itupe mtoni. Tafadhali."

"Niliuliza mahali, ukataja mahali." Akapepeta kidogo, maharage yakaruka. Kisha akasema kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi: "Itunze vizuri, baba. Ilikuwa ya mtu mwenye akili. Inajua vitu ambavyo wewe huvijui."

Valens hakumwelewa. Na kazi ndiyo ilikwisha hivyo. Gitarama hakuenda Krismasi ile. Alituma salamu kwamba ana shughuli. Mjomba wake akampa nafasi ya kuuza madaftari na kalamu dukani kwake, nyuma ya kaunta, mahali penye ukuta mgongoni. Alijifunza kuishi. Paka alimzoea. Popo alianza kuwavumilia. Watoto wa mtaa walimwita Sungura, akawa anaitika. Lile domo la baa liliondoka, wala hakulitafuta.

Lakini mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne kitu kikabadilika. Hofu ilikuwa ya mbwa, ya kivuli, ya mkono unaotoka juu. Sasa ikaanza kuchagua watu.

Na watu wenyewe walikuwa wazuri! Hilo ndilo lililomtia aibu. Mwuza mkaa aliyempa mjomba wake mkopo. Kijana wa kona aliyesukuma gari la mtu bure. Wakipita mbele ya duka, nywele za shingo zilimsimama, na harufu ile ikaja... nzito, ya moto. Wengine walipita njia hiyo hiyo, na hakuna kitu. Angemwambia nani? Aanze vipi? Samahani, baba, wewe unanuka mbwa?

Jioni moja Théoneste alimpitia. Sasa alikuwa mtu wa Kinyinya, ana kadi, ana koti.

"Twende nikununulie moja, Sungura yangu. Utaoza huku ndani."

Walitoka. Giza lilikuwa linaingia. Mbele ya nyumba ya jirani yao Mutsinzi walikaa wanaume kadhaa kwenye benchi, wanacheka, redio inaimba kwa chini. Mutsinzi, ambaye mkewe aliwapelekea uji mjomba alipougua, aliinuka akiwa na tabasamu lake la siku zote, mkono mbele.

"Valens! Théoneste! Mwiriwe, vijana."

Valens akaganda.

Harufu ilikuwa imejaa kichochoro kizima. Haikutoka kwa mtu mmoja. Ilitoka kwenye benchi zima.

Kisha mguu wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukapiga chini. Du. Tena. Du.

Benchi likanyamaza. Mtu akacheka puani.

Théoneste aliutazama ule mguu. Yeye alifaulu mafunzo. Alijua kabisa sungura hupiga mguu chini lini, na humpigia nani. Valens alimwona akijua. Kwa muda mfupi, uso wa Théoneste ulikuwa mtupu kama ukuta.

Mguu ukapiga tena.

"Msamehe, mzee," Théoneste akasema, uso unamwiva kwa aibu. "Huyu iko na ugonjwa wake."

Akacheka, akasogea mbele, akampa Mutsinzi mkono.